Utando wa Sufuria ya Wakfu

Namshukuru Mola aliyeumba madini ardhini na moyo kifuani, akakipa kila kimoja namna yake ya kuharibika na namna yake ya kulindwa. Namshukuru kwa umri huu, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa kunionyesha kosa langu wakati mikono yangu ingali na nguvu ya kulitengeneza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Msikiti wetu uko kando ya soko dogo huku Matungu, umezungukwa na mashamba ya miwa. Nyuma yake kuna jiko la mabati, na ndani ya jiko hilo kuna sufuria moja ya alumini inayopika nusu gunia la mchele kwa mara moja. Ndiyo ya maulidi, arusi, hitima na futari ya Ramadhani. Jirani wa kanisani akifiwa huja kuiomba, nasi humpa, nayo hurudi ikinukia ingokho, yule kuku wa kienyeji, badala ya bizari.

Sufuria hiyo ilitolewa na mjane wa rafiki yangu. Mimi na marehemu tulisoma chuo kimoja cha Kurani tangu utotoni na tukala sahani moja, ndiyo sababu mkewe huniita shemeji na hunitania apendavyo. Mumewe alipofariki, mama huyu aliinunua sufuria, akaileta msikitini juu ya mkokoteni wa miwa, akaiweka wakfu kwa nia moja: kila atakayekula kilichopikwa ndani yake, thawabu zimfikie mumewe kaburini. Tangu siku hiyo, moto ukiwashwa tu, mjane huyu huja na fimbo yake na kutia konzi ya kwanza ya mchele kwa mkono wake. Macho yake siku hizi yana ukungu. Anaona kivuli cha mtu lakini si uso. Kwa hiyo kabla ya kutia mchele hupitisha kiganja ndani ya sufuria, polepole, mzunguko mzima, kama mtu anayempapasa mtoto kuona kama ana homa.

Kazi ya kuiosha ilikuwa yangu. Nilipoacha kufundisha madrasa kwa sababu ya magoti, niliiomba mwenyewe, kwa maana sikutaka kukaa bure. Mke wangu alisikia akacheka hadi akakaa chini.

"Miaka yote hii nyumbani hujaosha hata kikombe cha chai," akasema. "Leo unaosha sufuria ya watu mia?"

"Hiyo ni ya wakfu," nikamjibu.

"Basi na mimi nitajiweka wakfu. Labda nitaoshewa vyombo."

Niliiosha kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba moyo hushika kutu kama chuma kilicholowa maji, na kwamba kumkumbuka Mungu ndiko kunakouondolea kutu hiyo. Mafundisho hayo nayaamini mpaka leo. Lakini mtu akifundisha jambo moja kwa muda mrefu huanza kuliona kila mahali. Kila mara sufuria ilipopikiwa, ndani yake palibaki rangi ya kijivu iliyoelekea weusi, nami nikaiita kutu. Nilichukua waya wa kusugulia na chumvi ya mawe, nikasugua huku nikitaja majina ya Mwenyezi Mungu, mpaka nikaona kilemba changu kwenye kitako cha sufuria. Kisha, ili kuua harufu ya mafuta ya nyama, nilimimina ndani maji ya chumvi na kuyaacha humo hadi Ijumaa inayofuata. Watu walisifu. Huku kwetu sufuria inayong'aa ni heshima ya nyumba, na ya kwetu iling'aa kama kioo cha kinyozi.

Jambo hili niliendelea nalo kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyenizuia.

Siku moja, wiki tano hivi kabla ya Ramadhani, nilikuwa naihamisha sufuria kutoka uani kwenda stoo. Mvua ya alasiri ilinikuta katikati ya uwanja. Sikuwa na mwavuli, nikaigeuza sufuria kichwani, ikanifunika hadi mabegani. Humo ndani palikuwa giza, isipokuwa juu ya macho yangu palikuwa na nukta tatu za mwanga. Nilisimama pale pale nikizitazama. Kisha tone la maji likapita kwenye mojawapo na kuniangukia puani.

Huko stoo nikaipangusa na kuiangalia vizuri kwa tochi ya simu. Matundu matatu yalikuwa yametoboka kabisa, madogo kama ncha ya sindano. Kuyazunguka kulikuwa na vishimo vingi visivyohesabika, kila kimoja kimejaa unga mweupe mgumu. Nilikaa juu ya gunia la mkaa. Sikuwaza kwanza juu ya sufuria. Nilimwaza yule mama na kiganja chake.

Kesho yake niliipeleka Mumias kwa fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Anatengeneza madirisha ya alumini na kuyeyusha vyuma chakavu, na ufundi wake aliusomea mjini Kakamega. Ni muumini wa kanisa, mwenye maneno mengi na mkono mzuri. Aliigeuza sufuria kwenye jua, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Maalim, hii sufuria ilikukosea nini?"

"Haikunikosea kitu. Naiosha tu."

"Unaoshanga na nini?"

Nikamweleza: waya, chumvi ya mawe, kisha maji ya chumvi mpaka Ijumaa. Akaweka nyundo chini.

"Na pilipili je? Hukuwekanga?"

"Ilikuwa inashika kutu nyeusi," nikajitetea.

"Alumini haina hiyo kutu ya chuma, Maalim. Hiyo rangi nyeusi ni ngozi yake. Wewe umekuwa ukichuna ngozi, halafu unamwaga chumvi kwa kidonda."

Akanikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akanieleza huku akipiga misumari ya mtu mwingine. Alumini, alisema, haikai uchi. Ukiikwaruza, hewa yenyewe huivika papo hapo utando mwembamba kuliko ule wa maziwa yaliyopoa, hata jicho haliuoni. Ukichemsha maji matupu ndani yake, utando huongezeka unene na kushika rangi, na huo ndio weusi niliokuwa nikiuita kutu. Chumvi ikiyeyuka majini hutafuta mahali utando ulipo dhaifu. Ikipata mahali hapo, haisambai juu kama kutu ya panga, bali huchimba kwenda chini pale pale. Zaidi ya hayo, ule waya wangu ulikuwa wa chuma, na vipande vyake vidogo vilikuwa vimebaki vimejichomeka kwenye sufuria vikiisaidia chumvi kuchimba.

Nilimsikiliza, lakini uso wangu lazima ulionyesha shaka, kwa sababu aliacha misumari akachukua karai kuukuu la alumini. Akakata kipande, akakigawa mara mbili kwa mkasi wa bati. Kimoja akakisugua kwa waya mpaka kikang'aa. Kingine akakiosha, akakitumbukiza kwenye birika lililokuwa likichemka maji ya chai, nasi tukazungumza mambo ya mvua na bei ya miwa mpaka kikatoka kimefifia na kuwa kijivu.

"Tia vyote kwa maji ya chumvi, kila kimoja na kikombe chake. Weka mahali utaonanga kila siku. Usiniamini mimi. Mimi ni fundi, na mafundi tunajulikana."

Niliirudisha sufuria stoo, na vile vipande nikaviweka dirishani, karibu na mkeka ninaposwalia nyumbani, kwenye vikombe viwili vya plastiki. Kila nilipomaliza nyiradi za asubuhi niliviangalia. Mke wangu aliniuliza kama nimeanza uganga. Siku ya tatu, kile kinachong'aa kilikuwa na vidoadoa vyeupe. Wiki ilipokwisha, vidoa vilikuwa vimevimba kama chunusi, na nilipokipangusa kwa kidole, chini ya kila chunusi palikuwa na kishimo. Kile cha kijivu kilikuwa kama nilivyokiweka. Wiki ya pili nilikiona nacho kina chunusi moja, ukingoni kabisa, pale mkasi ulipokata, na niseme kweli, si mkasi wa fundi: baada ya kuchemshwa kwake nilikuwa nimekipunguza mwenyewe ili kienee kikombeni, na hapo ndipo kilipojeruhiwa.

Nilivimwaga vikombe vyote, nikavaa kanzu, nikapita kwa fundi kumpa habari, kisha nikaenda kukiri.

Nilimkuta mjane mbele ya nyumba yake akichambua mrenda kwenye ungo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Kwa sheria sufuria ile haikuwa yake tena tangu siku aliyoitoa. Aliyeharibu amana bila kukusudia ana hukumu yake, na mimi naijua. Yote hayo yaliniruka nilipomwona.

"Huo mwendo naujua," akasema kabla sijabisha. "Shemeji, umekuja kuomba au kutangaza kifo?"

"Nimekuja kukiri."

"Kaa basi. Wanaokiri hukaa chini."

Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza: waya, chumvi, maji yaliyolala wiki nzima, vikombe viwili dirishani. Sikupunguza kitu. Mikono yake iliendelea kuchambua mboga, kisha ikasimama.

"Inavuja?"

"Matundu matatu."

"Kwa hiyo haipiki."

"Kwa sasa haipiki."

Akauweka ungo kando. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo kwa sasa yeye hapati kitu."

Hapo mwalimu aliye ndani yangu akaamka. Nikamwambia kwamba thawabu za chakula kilichokwisha kuliwa hazipotei, kwamba Mungu hasahau konzi hata moja ya mchele alioutia.

"Shemeji, ya zamani sikukuuliza. Nakuuliza Ramadhani hii."

Nikamweleza alichosema fundi nilipompelekea habari za vikombe: kwamba njia rahisi ni kuiyeyusha na kuisubu upya, madini yakiwa yale yale na wakfu ukiwa ule ule, na sheria inaruhusu kitu kilichoshindwa kufanya kazi yake kibadilishwe. Akaniuliza kama Ramadhani ingeikuta tayari. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nimpeleke kwanza aiguse.

Huko stoo aliinama akaingiza mkono. Kiganja kilizunguka polepole kama kawaida yake. Kilipofika kitakoni kikasimama, kikarudi, kikasimama tena.

"Ndui," akasema. "Umeiambukiza sufuria ndui."

Akacheka, nami nikacheka kwa sababu yeye alicheka. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Usiiyeyushe. Ikitoka huko motoni mkono wangu hautaijua. Itie viraka. Hata marehemu mwenyewe alivaa kanzu yenye viraka, unaikumbuka."

Niliikumbuka. Kiraka kimoja nilikishona mimi.

Fundi hakupenda kazi ya viraka, alisema inamchelewesha, lakini aliifanya. Nilimpelekea bolti tatu nzuri za chuma kutoka nyumbani nikidhani nitamsaidia. Akazirudisha mkononi mwangu moja moja.

"Maalim, hata sasa? Ukiweka chuma kando ya alumini, halafu mchuzi wa chumvi katikati, mmoja atamla mwenzake, na atakayeliwa ni hii alumini yako."

Akakata visahani vidogo vya alumini, kimoja ndani na kimoja nje ya kila tundu, akavibana kwa riveti za alumini, akazipiga nyundo hadi zikalala. Vile vishimo vingine visivyotoboka akavikwangua unga wote mweupe kwa kijiti, si kwa waya, akaisuuza sufuria mara nyingi. Kisha akaniagiza: "Chemsha maji matupu ya kisima. Usitie kitu. Rudia mpaka ikuwe mbaya machoni."

Nilifanya hivyo kwa siku nne. Asubuhi niliwasha moto, nikachemsha maji saa nzima, nikayamwaga, nikaipangusa kwa kitambaa kikavu. Siku ya kwanza haikubadilika sana. Siku ya pili ilikuwa kama imepuliziwa pumzi. Siku ya nne ndani yake palikuwa na rangi ya wingu la mvua linapotokea upande wa msitu wa Kakamega. Mke wangu, ambaye ndiye mkuu wa akina mama wa jikoni, alikuja akajishika kiuno.

"Hii ndiyo tutapikia wageni?"

"Ndiyo hii."

"Watu watasema msikiti huu hauna wanawake."

Nikamweleza ngozi, utando, chumvi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ni sawa. Lakini wakiuliza, nitawaambia ni wewe." Akawakataza wenzake wote wasiiguse kwa waya. Nilidhani mambo yamekwisha.

Siku ya kwanza ya Ramadhani tulisimama kwa swala ya alasiri. Alasiri husomwa kimyakimya, kwa hiyo msikitini palikuwa kimya kabisa, na katika rakaa ya tatu nikasikia kutoka jikoni: kwaru, kwaru, kwaru. Nilikuwa safu ya mbele. Haifai mtu kukata swala yake kwa ajili ya sufuria, na sikuikata. Lakini Mola anisamehe, moyo wangu haukuwa pale. Nilihesabu kila mkwaruzo. Kati ya rakaa ya tatu na ya nne sauti ikasimama ghafla, na huo ukimya ulinisumbua kuliko sauti yenyewe. Tulipotoa salamu nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Jikoni, yule mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameshika kifundo cha mkono wa msichana mmoja. Alikuwa mke mpya wa hapa, aliyeolewa majuzi kutoka Likuyani, naye alikuja kusaidia wakati wengine wanaswali. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

"Mama, ilikuwa chafu," binti alikuwa akisema, karibu kulia. "Nilitaka tu isiwaaibishe."

"Najua, binti yangu. Huyu mzee naye alitaka hivyo hivyo, na alitumia miaka mingi kuliko wewe." Akageuza uso kuelekea hatua zangu. "Ni wewe, shemeji?"

"Ni mimi."

"Viatu vyako viko wapi?"

Nikatazama chini. Nilikuwa miguu mitupu kwenye tope la mlangoni. Akina mama waliokuwa wakirudi kutoka kuswali walianza kucheka, na binti naye akacheka huku machozi yakimtoka, akaachia waya.

Ndani ya sufuria, ukutani, palikuwa na mahali pamoja panapong'aa, pana kama kiganja. Viraka havikuguswa. Nikataka kusema tuahirishe, tuchemshe tena maji siku mbili tatu. Lakini jua lilikuwa linakwenda, na watu wangefuturu kwa kitu gani? Mjane alipitisha kiganja, akapafikia mahali pale, akapazunguka kwa kidole.

"Fundi alisema utando hurudi?" akaniuliza.

"Alisema hurudi wenyewe. Mwembamba kwanza."

"Basi washeni moto."

Maji yalichemka. Mke wangu alikuwa na bakuli la chumvi tayari, lakini sasa tulikuwa na utaratibu mpya: chumvi haiingii mpaka maji yawe yanaruka, ili isilale kitakoni. Chumvi ikaingia, ikakorogwa. Mjane akatia konzi yake ya kwanza ya mchele. Kisha, badala ya kurudi nyuma kama desturi yake, akainama karibu na mafiga akatega sikio. Nilielewa baadaye kidogo. Kama viraka vingevuja, tone lingeanguka kwenye makaa na kulia. Sote tukanyamaza pamoja naye. Moto ulivuma na kuni zikapasuka, lakini hatukusikia tone.

Alikaa hivyo mpaka mwadhini alipokaribia kupanda. Pilau ikapakuliwa, watu wakala, Waislamu waliofunga na baadhi ya majirani wasiofunga ambao huja kwa sababu wanaijua pilau yetu. Nilimpelekea sahani. Alikula kidogo, akaniambia chumvi imezidi, nikaenda kumtafutia tunda.

Baada ya kila futari niliiosha sufuria usiku ule ule kwa maji, sabuni na kitambaa, nikaikausha, nikaigeuza juu chini. Kile kiganja kinachong'aa nilikiangalia kila siku. Mwezi wa Shawali ulipoandama sikuweza tena kukiona, na ilinibidi nimwombe mjane anionyeshe kilikuwa wapi. Hata yeye kidole chake kilitafuta, kikapita, kikatafuta tena, kikaacha.

Bado nawaambia watoto wa madrasa kwamba moyo hushika kutu na unahitaji kusuguliwa. Sijaliondoa somo hilo. Ninawaongezea tu kwamba, kabla ya kushika waya, muulize anayekijua kitu hicho kama unachokiona ni kutu kweli.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola akuvike kinga usiyoiona na asikuvue, akutengenezee ulichokiharibu bila kujua, na awafikishie waliokutangulia kila konzi unayotoa kwa ajili yao. Amina.